Jioni Tuliyofukuza Homa kwa Madebe

Nilipokuwa mtoto, kimo changu ni madebe mawili yakipangwa, sauti yangu ilisikika kutoka nyumba za laini za vibarua mpaka verandani kwa Bwana mwenye shamba. Waliniita Gramafoni. Shule niliiacha mapema, au tuseme ilichoka nami. Lakini nyinyi mliomaliza madarasa yote, niambieni: nani kati yenu amewahi kufukuza homa mpaka mtoni? Mimi nimefukuza, tena nikiwa mbele!

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, kwenye shamba la mzungu kule Njoro, ngano ikianza kuiva. Homa yenyewe ilikuwa imezunguka dunia kabla ya kutufikia, ila hilo nililisikia nikiwa mkubwa. Wakati ule kila mtu aliamini imetengenezwa palepale, na jirani yake.

Nyumba za laini za juu, karibu na mfereji wa maji ya bomba, walikaa watu waliosimama na serikali. Za chini tulikaa sisi ambao baba zetu walikuwa kizuizini kwa kula kiapo cha kumpinga mzungu. Nyapara, Baba Daudi, alisimama juu ya gogo akatangaza: "Hii ni homa ya kiapo. Aliyekula kiapo, imemjua. Asiyekula, hana habari nayo." Akatia kufuli kwenye mfereji, ufunguo akauning'iniza shingoni, ili watu wa chini tusiwachafulie wenzetu maji.

Na sisi huku chini, msidhani tulikuwa na akili zaidi. Tulisema serikali imetia dawa kwenye unga wa posho. Mtu akiuliza, "Mbona na wao wanakula unga uleule?" anaambiwa, "Wewe nawe umeanza kuwatetea?" Bwana alisema ni uchafu wa vibanda vyetu, mpaka memsahib naye akalala kitandani. Hayo sasa yakaitwa mafua ya baridi.

Mama yangu alikuwa ameshikwa. Mwili wake ulichoma kama jiko, midomo imepasuka, na kila tone la maji tulilibeba kutoka mtoni, mimi na Cucu, mama wa baba yangu. Mzee wa nyumba ya tatu alikuwa ameshazikwa. Nilimwona Cucu akimtazama Mama, halafu akitazama mlango, nikajua anahesabu ni nani anayefuata.

"Zamani," akasema huku akinusa ugoro, "ugonjwa kama huu tungeufukuza. Watu wote nje, fimbo mkononi, kelele mpaka mtoni, tunazitupa majini na kurudi bila kuangalia nyuma. Sasa watu watano tu wakisimama pamoja, wanakamatwa."

Hapo ndipo kichwa changu kikawaka! "Cucu, si kila jioni Bwana mwenyewe hutuambia tupige madebe tufukuze ndege kwenye ngano?"

Alinitazama mpaka ugoro ukamshuka puani. Mpaka anakufa alidai wazo lile lilikuwa lake. Haya, tugawane.

Kesho yake, jua likielekea milima ya Mau, tulitoka. Yaani watu! Madebe, karai, vifuniko vya sufuria, ndege wa watu waliruka mpaka Elburgon. Bwana alitupungia mkono toka verandani, amefurahi tunavyoipenda ngano yake. Sauti yangu iliongoza. Hata watu wa juu walianza kutokeza mmoja mmoja, maana nani asiyetaka homa iondoke, hata kama si yake?

Lakini Cucu alikuwa ametupa sharti. Kila mlango ufunguliwe. Mmoja ukibaki umefungwa, homa itajificha humo, izae, irudi na watoto wake.

Mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Wa nyapara.

Nani angeugonga? Wakubwa wote walianza kukagua madebe yao. Nikaenda mimi, nikaupiga kwa fimbo. "Fungueni! Homa inapita!"

Baba Daudi alizunguka kutoka nyuma ya nyumba, rungu mkononi, firimbi kifuani pamoja na ule ufunguo. "Toka hapa, mtoto wa kiapo! Hapa hakuna ugonjwa."

"Daudi yuko wapi aje tufukuze ndege?"

"Daudi yuko Gilgil kwa mjomba wake."

Na ndani, nyuma ya mlango, mtu akakohoa. Kikohozi kilekile, kama mbwa aliyemeza mfupa. Ningekijua popote, nilikuwa nalala nacho chumba kimoja.

Nikapaza sauti: "Daudi wa Gilgil! Umerudi lini?"

Watu wakacheka, halafu wote wakaelewa kwa pamoja. Kama homa ni ya kiapo, na mtoto wa nyapara anayo, basi nyapara ni nani? Alikuwa amemfungia mwanawe gizani, hamwiti mganga wala daktari, kwa kuogopa maneno yake mwenyewe. Rungu likapanda. Nilifumba macho.

Mlango ukafunguka. Mama Daudi alitoka na mwanawe amemwegemea, amekonda, macho ndani.

"Baba Daudi," akasema, wala hakupaza sauti, "mimi na wewe tulikula kiapo lini? Waambie watu, maana mtoto anaisha."

Nyapara alifungua mdomo. Aliangalia watu wa juu, akaangalia watu wa chini.

"Ni vumbi," akasema. "Vumbi la ngano."

Cucu akaja polepole, akamshika Daudi paji la uso, kisha akampa Mama Daudi debe lake. "Basi mwanangu, tukafukuze vumbi."

Tukashuka mtoni, na sikilizeni hii: nyapara alipitia kwanza mfereji, kisha akaja nyuma yetu akipuliza firimbi, ileile iliyotuamsha kila alfajiri kwenda kuchuma pareto, sasa anaipulizia homa kama inachelewa kazini! Tulitupa fimbo majini, tukageuka. Usiangalie nyuma, Cucu alisema.

Mimi nikaangalia. Ningekosaje? Nilimwona Baba Daudi peke yake ukingoni, akitoa kitu mfukoni na kukirusha mbali. Kilizama mara moja, kama chuma.

Asubuhi mfereji haukuwa na kufuli. Tukachota.

Na mimi nikashikwa na homa. Cucu aliwaambia wote: aliangalia nyuma. Mimi nadhani niliipata mlangoni kwa Daudi, uso kwa uso, lakini ni nani angembishia Cucu? Mama alikuwa ameanza kuketi. Na aliyeniletea maji ya mfereji, miguu bado inamtetemeka, alikuwa Daudi. Nilijaribu kumtania, sauti ikatoka kama ya panya.

"Lo!" akasema, meno yote nje. "Gramafoni imekatika sindano."

Siku hizi mimi ni utingo wa lori, nafika kote, na mdomo wangu mnaujua. Juzi kwenye kibanda cha chai Nakuru mjini walikuwa wanabishana juu ya ugonjwa mpya. Mmoja akasema ni wa watu wa ziwani. Mwingine akasema ni wa chama fulani, wenye kadi ya kwetu hauwashiki. Walinigeukia, wakijua nitapiga kelele kuliko wote.

Niliinamia chai yangu. Nilikuwa nasikiliza kama kuna mtu anakohoa nyuma ya mlango.