Dhamana Aliyojiwekea Kaltum

Kaltum wa mtaa wa Buyenzi alikuwa mwanamke wa kusalimia. Kutoka kwake mpaka duka lake la vitenge ni hatua chache tu, lakini yeye aliigeuza njia hiyo kuwa safari, maana hakumpita mtu bila kumuuliza hali ya mama, ya watoto, na ya ule mguu uliokuwa ukiuma. Aliyempenda kuliko wote ni Daphrose, karani wa serikali aliyekaa Mutanga Nord, mtaa wa mlimani. Idd, sahani ya pilau ilipanda Mutanga. Noeli, ndizi za kupika zilishuka Buyenzi, hata miaka ile ya vita ambapo watu waliogopa kuvuka mtaa.

Nchi jirani zilipotuwekea vikwazo, sukari ikaadimika. Sultani, binamu yake Kaltum, akadai anamjua mtu wa kuipitisha ziwani. Akina mama wakalipa mapema, wengi kwa kumwamini Kaltum, kwa kuwa ndiye aliyewapitia majumbani kukusanya. Sultani akaingia mitini na fedha zote. Daphrose, aliyetoa akiba yake na ya ndugu yake Libère, akaenda kushtaki utapeli. Sasa nani wa kukamatwa? Yule mjinga aliyebaki, bila shaka.

Ndugu zake walimwambia avuke ziwa akimbilie Kigoma. Jirani yake Mhindi, muuza vyombo, akamweleza jambo jingine. Kwao India, mtu anayehofia kukamatwa kwa kesi kama hiyo anaweza kumwendea jaji kabla polisi hawajabisha hodi, akaomba dhamana mapema. Jaji akikubali humpa masharti: asitoroke nchi, aje kila akiitwa, asimsogelee shahidi kumtisha wala kumbembeleza.

Kaltum akakimbilia kwa wakili Anselme, na wakili akacheka.

"Mama Kaltum, hapa kwetu sheria hiyo haiko. Hapa wanakufunga kwanza, njo unaomba liberté provisoire, dhamana ya kutoka."

"Basi mi nitafata hayo masharti bila jaji."

Na kwa ugumu wa kichwa chake, alifanya kweli. Akaipeleka pasipoti yake kwa mwendesha mashtaka. Bwana yule hakujua aifanyie nini, akaitia kwenye droo. Kila Jumatatu Kaltum alikwenda kumwonyesha uso. Na Daphrose, kwa kuwa ndiye shahidi, Kaltum hakumsalimia tena. Wakikutana sokoni aliinamisha kichwa akapita, na roho ikimuuma.

Kisha Libère akauawa barabarani, ndani ya basi lililoviziwa. Watu wakamiminika Mutanga Nord. Kaltum alivaa, akajitanda kitenge, akafika mlangoni, akarudi kuketi. Alimjua Libère tangu akivaa kaptula za shule. Lakini aliona akienda, watasema amefuata shahidi msibani ili amlainishe. Akalia peke yake chumbani. Mimi nasema alikosea, tena vibaya, ingawa hakuwa na hila.

Siku ya kuitwa, wanawake hao wawili waliketi mbele ya mwendesha mashtaka. Daphrose hakutaja sukari.

"Kwa kilio ya Libère haukukuja."

"Nilikatazwa kukukaribia, dada."

"Na nani?" akauliza mwendesha mashtaka.

"Na miye mwenyewe," akasema Kaltum. Akaeleza yote, tangu maneno ya Mhindi mpaka siku aliyorudi kutoka mlangoni.

Daphrose akamgeukia mwendesha mashtaka.

"Musimufunge. Mutu mwenye alishindwa kukuja kulia Libère juu ya kuchunga neno yake, huyo hawezi kukimbia. Mutafute Sultani." Akachukua mkoba wake, akasimama. "Lakini kwangu asikuje tena."

Kaltum aliambiwa arudi nyumbani, aingojee kesi akiwa huru. Akashika njia ya Buyenzi kwa miguu, na siku hiyo hakumsalimia mtu.