Farasi Tisini wa Mjomba

Juzi mjini Singida kijana mmoja alinionyesha gari lake, limeshushwa hadi karibu liguse lami. "Shikamoo, bibi. Hili lina nguvu za farasi mia tatu."

"Marahaba. Wamekula?" nikamuuliza. Hakucheka.

Nasi kule Ihanja tulikuwa na gari la namna hiyo, enzi za Mwingereza. Mjomba alichukua kigari kibovu, akakikata paa, akakipachika injini ya lori. Kikinguruma, kuku walikimbia mayai yao. "Humu mna farasi tisini!" alijigamba siku moja, akaapa kwamba alasiri ile angelipita gari la Bwana Shauri, yule ofisa Mzungu wa wilaya, kabla ya kufika mji wa Mkiwa.

Nilikuwa mtoto, sikuwa nimewahi kuona farasi. Nilijua punda, na punda wetu hawakutoka nyumbani bila kula. Mjomba alikuwa akiwanywesha farasi wake petroli tu, harufu yake kali kama pombe, nikaona si vizuri wanywe matumbo matupu. Alipokwenda kuoga, nilichota pumba za mtama kwa kata, nikazimimina kwenye tangi, taratibu wasipaliwe.

Mjomba alinipakia, tukaondoka; kigari kilifika kwenye kisima cha kijiji tu, kikakohoa, kikazimika. Bwana Shauri alipita, akatupungia mkono na kutuachia vumbi.

Kilirudi nyumbani kikikokotwa na punda wawili wa bibi yangu. Mjomba alifuata nyuma, kofia mkononi, huku bibi akimsema njia nzima: "Farasi tisini, mwanangu, na hukuwapa hata pumba!"

Mimi peke yangu nilijua kwamba walikuwa wameshiba.