Roketi Zilizoanikwa na Ndagala

Roketi zetu zinanuka ndagala, dagaa wa ziwa letu, hadi leo. Mgeni akiingia sebuleni kwa baba, anavuta pua, anachungulia jikoni, halafu macho yanamtua ukutani, na mimi nangoja tu aulize. Akichelewa kuuliza, naanza mwenyewe. Sina subira, na habari hii haitaki subira.

Baba ni mwalimu. Amestaafu, lakini ukimwambia hivyo mtakosana. Miaka yote tuliyokaa ukimbizini Tanzania alifundisha watoto wa kambi, na kifaa chake kikubwa kilikuwa rundo la picha. Padri mmoja aliyekuwa anahama misheni alimpa, kwa sababu hakuwa na pa kuzipeleka. Picha kubwa, karatasi nzito ya kung'aa, zote za safari za kwanza za binadamu kwenda angani. Roketi imesimama peke yake asubuhi na mapema, mvuke mweupe unaizunguka miguuni. Roketi hiyohiyo imeshanyanyuka, moto chini yake mrefu kuliko yenyewe. Mbwa aliyefungwa mikanda, masikio wima. Mtu anayeelea nje ya chombo chake, ameshikwa na kamba moja tu. Unyayo mwezini. Na ya mwisho, dunia yenyewe, nzima, buluu na nyeupe, Afrika imetulia upande wa juu, wazi kabisa.

Jamani, somo lile! Baba anainua picha ya roketi juu ya kichwa, anaguruma, "Kumi!" Nasi tunadaka, "Tisa! Nane!" Kila namba tunachuchumaa zaidi, mpaka kwenye sifuri darasa zima linaruka, vumbi linatimka, turubai la paa linatikisika, na mwalimu wa darasa la jirani anakuja kugombana. Baba anamwomba radhi kwa adabu zote. Akiondoka tu, tunarusha nyingine.

Halafu inatoka picha ya dunia, na hapo tunanyamaza. "Nani atanionyesha nyumbani?" anauliza. Wengi wetu tulizaliwa kambini, Burundi tulikuwa hatujaikanyaga. Alitufundisha njia: anzia kwenye pembe ya Afrika, shuka, ingia ndani, simama. Hapo. Familia ilipoitwa kwenye malori ya kurudi, mtoto alikuja kuaga, na baba alimkunjulia picha aweke kidole pale. Ikawa desturi yetu. Hakuna mtoto wa darasa lile aliyepanda lori bila kuweka kidole nyumbani. Vidole vile, na jasho, na mafuta ya maharage, vilipachujua mahali pale mpaka pakawa doa jeupe, na karatasi ikakonda kama ganda la kitunguu.

Baba peke yake hakuweka. Hata siku yetu ilipofika, mimi nikaweka changu, nikamshikia picha, yeye akaikunja. "Nitaweka nikiwa kwangu," akasema. Tukafika Rumonge, Burundi, tukapanga nyumba karibu na ziwa. Nikamwambia, baba, si ndiyo tumefika? Weka basi. Akajibu, "Hii ni nyumba ya mtu, mwanangu. Mimi bado niko kwenye lori." Nilimjibu kwamba lori lake lina jiko, lina choo, na lina mabinti wanaomfulia mashati. Alicheka mpaka akakohoa, na kidole hakuweka.

Nikaolewa, nikazaa, nikafungua meza ya vitenge sokoni, na mzee bado yuko kwenye lori. Kwa hiyo alipomaliza kujenga mwaka juzi, kule juu mlimani, matofali yake mwenyewe na mabati yake mwenyewe, sikuweza kulala kwa furaha. Jumapili ikapangwa. Kwetu nyumba mpya haikaliwi kabla watu hawajaja kuinywea, na watu aliowaita baba ni wale wanafunzi wa kambini: wa Nyanza-Lac, wa Bugarama, wa Kabezi, watu wazima sasa wenye vitambi na wajukuu. Picha zitatundikwa zote sebuleni, akasema. Ya dunia itatundikwa mwisho, na hapo ndipo kidole kitawekwa. Mji mzima ulijua. Hata muuza chaji ya simu aliniuliza, "Ni Jumapili hii?"

Alhamisi, ziwa likaingia ndani.

Lilikuwa limeshakula nyumba za mbele yetu, na michikichi iliyokuwa nchi kavu nilipokuwa msichana siku hizi inasimama majini. Tulijua litafika. Hatukujua litafika wiki ile. Niliitwa sokoni mchana, nikaacha vitenge bila hata kuvifunika, nikakimbia. Ndani ya nyumba ya kupanga maji yalinifika magotini. Sanduku la bati la picha lilikuwa chini ya kitanda cha baba, pale lilipokaa siku zote, na nilipolivuta lilikuwa zito kama lina mawe. Picha zilikuwa zimeshikana zote, zimevimba kama mkate uliodumbukia kwenye chai. Baba alikuwa mlimani anapaka chokaa. Nilikaa juu ya meza na sanduku mapajani, nikalia kwa sauti.

Ndipo jirani yetu aliponisikia. Ni mama wa Kiislamu, mzaliwa wa hapahapa Rumonge, na kazi yake tangu utoto ni kukausha ndagala. Alikuwa ameshahamisha vichanja vyake kwenda upande wa juu, penye ukavu. Vichanja ni zile meza ndefu za miti zilizotandikwa wavu wa waya, ndagala zinamwagwa juu, upepo unapita chini na jua linapita juu. Alisimama mlangoni, sketi ameikunja kiunoni.

"Yoo! Weye mutoto, unalia nini? Kitu imelowa, na weye unaiongezea maji?"

"Mama mkubwa, ni picha za baba. Ni Jumapili!"

"Najua ni Jumapili, nani hajui? Lete hapa. Mimi kazi yangu ni nini?"

Alizibandua zote kwenye beseni la maji safi, moja moja, kwa vidole vinavyojua samaki mwembamba kuliko karatasi. Mimi hata kupumua niliogopa. Akasukuma ndagala zake kando, akazilaza picha juu ya wavu penye kivuli cha turubai, na wanawake anaofanya nao kazi wakaja kuangalia. Hapo kilio changu kikakauka, kwa sababu hebu fikiria: roketi, mwezi na mbwa, vimelala vimetazama juu kati ya ndagala, na wanawake sita wamefunga vitambaa vichwani wanavihoji.

"Na huyu, anavua nini huko juu?" mmoja akauliza kuhusu yule mtu wa kamba.

"Kamba iko, lakini ndoano siioni," akajibu mwenzake.

"Na hii mbwa, alirudi?"

Nikasema hakurudi. "Maskini," akasema jirani yetu. "Mumusogeze huku, huku kuna upepo muzuri." Wakamsogeza.

Ijumaa mchana zilikuwa zimekauka upande mmoja, ukafika wakati wa kuzigeuza. Sasa, ndagala zikishikamana na waya hazivutwi, zitakatika. Mkaushaji anaingiza mkono chini ya kichanja na kuupiga wavu kofi, pwaa, na ndagala zote zinaruka mara moja na kuachia. Ni kitu cha kupendeza sana kukiangalia. Jirani yetu akasema picha nazo zimeshika, na atazirusha vilevile. Nami nikachangamka, ningeacha vipi! Nikawaambia roketi hairuki bila kuhesabiwa. Nikawafundisha, nao wakadaka kama vile walizaliwa kambini.

"Kumi! Tisa! Nane!"

Watu wakaanza kuja. Wapagazi, waendesha pikipiki, mama mmoja na kapu la mihogo kichwani. "Tatu! Mbili! Moja! Sifuri!" Jirani yetu anasema bismillahi, kofi, pwaa! Na roketi inaruka kutoka kwenye waya, kweli inaruka, inaelea kidogo kwenye upepo wa ziwa na kuanguka chali mikononi mwangu. Kelele zilizopigwa hapo! Tukarusha ya moto. Tukarusha mbwa, wakampigia vigelegele. Tukarusha unyayo. Nilikuwa nimerudi darasa la tatu, nacheka, jasho linanitoka, sina habari na dunia.

Dunia ikafuata. "Sifuri!" Pwaa! Ikaruka, ila doa la vidole likabaki. Pale karatasi ilipokonda palikuwa pamegandia waya, na picha ilipoondoka ikapaacha nyuma. Kipande chenyewe kidogo, ukubwa wa ukucha. Upepo ukakibandua, kikaanguka chini, na bata akakimeza.

"Bata amekula nchi!" akapiga kelele mwendesha pikipiki mmoja, na watu wakacheka, halafu wakaniona uso wangu.

Nilifoka. Mungu anisamehe, nilifoka mpaka mapovu. "Nani alikwambia dunia inapigwa kofi? Eh? Dunia ni ndagala? Miaka yote hiyo baba amekitunza kidole chake, leo atakiweka wapi? Tumboni mwa bata?" Jirani yetu alisimama na mikono yake imejaa magamba. Hakunijibu kwa hasira. Alisema taratibu tu, "Na weye ulihesabu, mwanangu." Nikakaa mchangani.

Jioni nilikata kipande cha kitenge cha buluu, nikakibandika kwa nyuma kwa gundi ya unga wa muhogo. Ilionekana kama kiraka cha suruali. Nikakibandua. Jumamosi nikapanda mlimani nimeazimia kumwambia. Nikamkuta baba juu ya ngazi anapaka sebule chokaa ya mwisho, anaimba, shati jeupe tupu kwa matone. "Ziwa limeingia, nimesikia," akasema kabla sijafungua kinywa. "Picha zimepona?" Nikasema zimekauka. Huo ulikuwa ukweli, na ndio wote niliouweza. Akanishukuru kwa Kirundi, murakoze, murakoze sana, na akaendelea kuimba. Nilishuka mlima nimejichukia.

Jumapili walikuja kuliko walioitwa. Kreti za soda, ndizi, madumu ya mawese, sufuria ya ndagala kutoka kwa jirani yetu, ambaye alipanda mlima mzima nayo na hakuniangalia usoni. Wale wanafunzi walipoona picha ukutani, wenye vitambi walipiga kelele kama watoto. "Mbwa wetu!" "Na huyu wa kamba bado hajaingia ndani tu?" Waliuliza kwa nini mwezi una alama za wavu, na kwa nini unanuka. Baba alikuwa anacheka, anashika mabega ya watu, anawauliza kama wanakumbuka jedwali la saba. Halafu akanigeukia na kunyoosha mikono.

Picha ya dunia ilikuwa kwangu, imefungwa ndani ya kitenge. "Baba," nikasema, "kuna jambo." Yeye alikuwa ameshaichukua na kuikunjua, na mwanga wa dirishani ukapita pale kwenye tundu, wote tukauona.

Nikamwaga yote kwa pumzi moja: sanduku, beseni, kichanja, kuhesabu, kofi, bata.

"Bata?" akauliza baba.

"Bata."

"Wa nani?"

"Wangu, Mwalimu," akasema jirani yetu kutoka mlangoni, analia. "Unisamehe. Nilipiga kama napiga ndagala."

Baba aliitazama picha kwa muda. Akaisogeza kwenye mwanga, akatazama kingo za tundu, akapitisha ukucha pale. Kisha akaenda kwenye nafasi aliyoiacha katikati ya ukuta, akaiegemeza pale, akaomba misumari. Nikampa, na nyundo. Alipomaliza pembe ya nne hakugeuka, alibaki ameupa ukuta uso. Na kule nyuma mwanamume mmoja wa Nyanza-Lac, mwenye mvi ndevuni, akasema kwa sauti ndogo, "Kumi."

"Tisa," wakaitikia wawili watatu.

Kwenye saba nyumba nzima ilikuwa inahesabu. Kwenye tatu watu wazima walikuwa wamechuchumaa, naapa, na suti zao. Jirani yetu alikuwa anahesabu na machozi, na mimi pia. "Moja! Sifuri!"

Safari hii hakuna aliyeruka. Baba akaanzia kwenye pembe ya Afrika, akashuka, akaingia ndani, akasimama. Ncha ya kidole ikapita kwenye tundu, ikagota. Nyuma ya picha palikuwa na ukuta wake.

Alikiacha pale muda mrefu kiasi kwamba waliokuwa wamechuchumaa magoti yakawauma, wakaanza kuinuka mmoja mmoja kimyakimya. Alipokitoa, ncha ilikuwa nyeupe, kwa sababu chokaa ilikuwa bado mbichi. Akatuonyesha, akakigeuza huku na huku kama mtoto aliyetoka kuchanjwa na kupakwa alama kidoleni. "Sasa nimeshuka kwenye lori," akasema. Nilimkumbatia mpaka akalalamika mbavu.

Chakula kilipoletwa nilipita na birika na beseni, nikinawisha wageni. Nilipofika kwa baba alinipa mkono wa kulia, nikaanza kumwagia, naye akauvuta. Alinawa vidole vinne tu. Alikula ugali na ndagala za jirani yetu kwa vidole hivyo vinne, na kile cheupe amekinyoosha pembeni, kisilowe.