Ng'ombe Wanne na Digrii Moja

Mwaka ule watu wa kwetu waligombania umaskini kwa viwiko. Sisemi kwa mafumbo. Mvua ilikuwa imekataa misimu mitatu, mahindi yalikauka yakiwa na kimo cha goti, na shirika moja kutoka Nairobi lilikuwa limeahidi chakula, lakini kwa waliostahili tu. Nani anastahili ingeamuliwa na wananchi wenyewe, hadharani, kwa sababu mtu fulani aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka alikuwa ameandika kwamba wananchi wanajuana. Ni kweli, wanajuana. Hilo ndilo tatizo.

Mkutano ulifanyika kwenye josho, upande wetu wa Muthetheni, josho ambalo halikuwa limeona dawa ya kupe tangu nikiwa shule ya msingi. Afisa wa shirika alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, na wote walimwita madam. Hakujua Kikamba, kwa hiyo shughuli yote ilibidi iende kwa Kiswahili, na Kiswahili cha kwetu hakina adabu nyingi. Mambo ambayo kwa Kikamba yangezungushwa mpaka yachoke, siku hiyo yalitoka yakiwa uchi.

Madam alibandika karatasi kubwa kwenye ukuta wa josho akachora safu tatu. Ya kwanza, maskini sana: mahindi, maharagwe na mafuta kila mwezi. Ya pili, maskini: mahindi peke yake, yakibaki. Ya tatu, wenye uwezo: asanteni kwa kuja. Nimesoma katika shule ambazo ilibidi mtu apigwe viboko ndipo atake kuwa namba moja. Hapo nikaona wanaume wazima waking'ang'ania namba moja bila kiboko chochote.

Maandalizi yalikuwa yamechukua wiki nzima. Kuna aliyepeleka mbuzi wake kwa wakwe huko Yatta, eti wana upele. Kuna baiskeli zilizoingia chini ya vitanda. Fundi mmoja wa vinyago aliyekuwa na karakana yake Wamunyu, na redio ya kaseti iliyosikika mpaka ng'ambo ya mto, alifika amevaa suruali iliyopasuka makalioni, akawa anageuka geuka ili madam asipitwe na jambo lolote. Mwalimu mstaafu alikuja na bakora ambayo sikuwahi kumwona nayo, wala sikumwona nayo tena. Chifu mwenyewe alikuwa na tumbo lake, hakuna mahali angelificha, lakini hata yeye alikuwa ameacha gari sokoni akaja kwa miguu.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, nimevaa miwani, nikiwadharau wote. Nilikuwa na digrii, na nilikuwa nayo nyumbani kwa mwaka mmoja na nusu. Nilikuwa nimetuma bahasha za kaki mpaka karani wa posta Machakos mjini akaacha kuniuliza zinaenda wapi. Hakuna aliyejibu. Mama aliwaambia watu kwamba nangoja barua, na jibu hilo lilitosha kwa miezi michache ya kwanza. Baadaye akawa hasemi lolote. Kazi yangu ilikuwa kuamka jua likiwa juu, kusoma magazeti yaliyofungiwa sukari, na kubishana. Nilibishana na mhubiri kuhusu mvua, na mkunga kuhusu mimea, na mama kuhusu kila kitu.

Madam aliponiona nasoma fomu yake begani kwake bila kutamka maneno kwa midomo, alinipa nakala moja. Ilikuwa fomu ya kipuuzi ajabu. Penye "kazi", wanawake wote walikuwa wamejibu kwamba hawana, na madam akaandika kama alivyoambiwa. Mama yangu alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anaenda kufukua mchanga wa mto mpaka maji yajikusanye kata kwa kata, anapanda kilima na mtungi mgongoni, anarudi shambani kurekebisha matuta ambayo hayakuwa na cha kukinga, na jioni vidole vyake vinasuka kiondo huku anaongea na mtu mwingine. Fomu ilisema hana ajira. Fomu hiyo hiyo ingeniweka mimi, niliyelala kitandani, katika kundi la "nguvukazi yenye ujuzi". Nilicheka peke yangu. Sikujua kama fomu nayo ilikuwa inanicheka.

Mzee wa kijiji alikuwa anasoma majina kutoka daftari la mraba. Alipofika kwa mama alisema, bila kuinua uso, kwamba huyu ni mjane, nyumba ni ya matofali ya udongo na mabati, mbuzi mmoja, ng'ombe hakuna. Kalamu ya madam ilikuwa imeshaelekea safu ya kwanza. Hapo ndipo jirani yetu aliyepakana nasi shamba, mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu walio mtoni, akasimama.

"Ngoja kidogo, madam. Huyu ako na ng'ombe nne."

Mama akageuka. "Ng'ombe gani?"

"Si hizo zimekaa pale kwa jiwe zimevaa miwani."

Watu walicheka kicheko cha watu wenye njaa, kifupi na kikali. Jirani hakucheka. Alieleza kwa utulivu, akihesabu kwa vidole, kwamba ng'ombe wa kwanza alienda fomu wan, wa pili fomu thirii, na wale wawili wa mwisho wakaenda yunivasiti wakiwa pamoja. Akamalizia kwamba yeye ng'ombe wake walikufa kwa ukame, kila mtu aliona mizoga, lakini wa huyu mwenzake hawakufa. Wako hapo, na wamesoma.

Lazima nikiri kwamba ilikuwa hoja safi kuliko nyingi nilizosikia kwenye kumbi za mihadhara. Madam naye aliipenda. Alifunua fomu akapata mstari wenyewe: je, katika nyumba hii kuna mtu aliyefika chuo kikuu? Mstari huo ulikuwa na alama nyingi kuliko ng'ombe. Akauliza kwa heshima kama ni kweli. Mzee wa kijiji akasema ni kweli, sherehe walikula. Kalamu ikahama kuelekea safu ya tatu.

Nikasimama. Sijui kama nilisimama kwa ajili ya mama au kwa ajili ya hoja. Wakati ule sikuona tofauti. Nilianza kusema kwamba mali isiyozalisha mapato haiwezi kuhesabiwa kuwa mali, na kwamba kigezo hiki kinachanganya uwezo wa baadaye na hali ya sasa. Chifu akanikatiza, akiniita kijana kwa Kikamba.

"Mwanake, ongea Kiswahili ya watu."

Basi nikaongea Kiswahili ya watu. Nilisema sina kazi. Nilisema nimemaliza mwaka na nusu, na sina hata nauli ya kufika Machakos mjini, na kila ninachotia mdomoni kimetoka kwenye mikono ya mama yangu. Nikamwambia madam kwamba fomu yake ikiwa na safu ya mizigo aniandike huko. Kama ni ng'ombe, nikasema, mimi ni ng'ombe anayekula na hakamuliwi.

Mtu mmoja nyuma akasema polepole, "Hiyo ni ukweli." Madam akanitazama kama mwalimu anayetazama mwanafunzi aliyeonyesha njia ya hesabu hatua kwa hatua, akaanza kurudisha kalamu kwenye safu ya kwanza. Nilijisikia vizuri sana. Nilikuwa nimemshinda jirani mbele ya watu mia, na mama angekula.

Mama alisimama akafunga leso upya kiunoni, bila haraka. Kiswahili alikitumia mara chache, sokoni na hospitalini, na kilimtoka kikiwa kimenyooka.

"Madam, huyo kijana hupenda mzaha. Ako na kazi. Ako ofisi Nairobi, amekuja likizo. Na mimi hunitumia." Kisha akaelekeza kidole kwenye karatasi. "Andika tatu."

Hakuna mtu mkutanoni aliyeamini. Wote walikuwa wameniona juma zima, na juma lililotangulia, na mwezi uliotangulia, nikizurura na gazeti. Lakini hakuna aliyefungua mdomo, hata jirani. Watu waliokuwa wameshitakiana mbuzi na mabati tangu asubuhi, wakaanza kutazama miguu yao. Madam aliandika tatu. Mzee wa kijiji akasoma jina lililofuata.

Tulirudi nyumbani yeye akiwa mbele. Nilianza kumweleza, kwa sababu kueleza ndicho nilichosomea, kwamba mahindi ni mahindi na aibu hailiwi. Nilisema wanafiki wote waliokuja na matambara sasa watapika, na yeye mwenye haki atalala na maji. Alinijibu kwamba njaa wanajuana naye, si mara ya kwanza kumtembelea. Kisha akasimama njiani, akasema kwa Kikamba, bila kupandisha sauti:

"Nilipouza wale ng'ombe, ukoo mzima uliniambia mimi ni mjinga. Leo umesimama mbele yao ukawaambia walisema kweli."

Akaendelea na njia. Niliudharau uongo wake. Niliona ni uongo uleule wa suruali iliyopasuka, umegeuzwa tu ndani nje. Wao walijifanya hawana, yeye akajifanya anacho, na wote kwa ajili ya macho ya jirani. Bado naona hivyo. Tofauti ni kwamba uongo wao uliwalisha, na wake uliniondoa kitandani.

Maana kuanzia siku ile kila niliyekutana naye njiani aliniuliza likizo inaisha lini. Waliuliza kwa uso mkavu kabisa. Waliuliza mtoni, waliuliza kanisani, fundi wa vinyago aliniuliza akiwa amevaa suruali nzima. Jumapili jioni mama alilipiga pasi ya makaa shati langu la mahafali, akaliweka kitini. Asubuhi akaniamsha.

"Utachelewa kazini," alisema.

Nauli aliipata kwa viondo viwili. Sikuuliza.

Nairobi hapakuwa na mtu wa kunilaza, kwa hiyo niliishia Athi River, kwa mwana wa shangazi aliyekuwa amekodi chumba karibu na viwanda. Asubuhi watu walisimama nje ya lango la kiwanda kimoja cha nguo za kuuzwa ng'ambo, mamia, wakingoja karani atoke achague. Siku ya kwanza nilimwambia nimesoma mpaka wapi. Akaniambia nisogee kando, wenye digrii wanajua sheria za kazi. Siku ya pili kijana mmoja kwenye foleni alinishauri niseme darasa la nane. Nikasema darasa la nane. Saa mbili nilikuwa ndani, nakata nyuzi zinazoning'inia kwenye suruali za jinzi, suruali baada ya suruali, mpaka vidole vikawa na rangi ya buluu isiyotoka kwa sabuni. Kwenye meza yetu tulikuwa wawili wenye digrii. Tulijuana kwa jinsi tulivyoacha kubishana.

Mwisho wa mwezi nilirudi na unga, sukari na mafuta ya kupikia. Nilimkuta mama hajakonda. Kwenye kona ya nyumba kulikuwa na gunia lenye chapa ya shirika, limebaki nusu. Nikamuuliza. Akasema limeletwa na jirani. Jirani yupi? Yule yule. Nilitaka kufurahi. Nilitaka, mara moja tu, kukosea kuhusu watu wa kwetu, nikakaa chini nikijiandaa kuwaomba msamaha moyoni.

Alasiri jirani akaja mwenyewe, amejifunga kitambaa kipya kichwani, na nyuma yake binti yake aliyekuwa amemaliza fomu foo akiwa na mfuko wa plastiki kifuani.

"Mkubwa," jirani akaniambia, mimi niliyekuwa ng'ombe wanne, "habari ya ofisi?"

Nikasema ofisi ni nzuri. Nikaingiza mikono mifukoni. Nilimtazama mama, na mama alikuwa anamimina chai, na kwa jinsi alivyomimina bila kuinua uso nikaelewa kwamba alijua tangu gunia lilipovuka mlango. Alikuwa amepika mahindi yale mwezi mzima akijua yanangoja nini. Jirani naye hakuwa mjinga. Aliujua ukweli kuliko mtu yeyote, ndiye aliyeusema wa kwanza. Lakini nilikuwa nimeondoka Jumatatu na shati lililopigwa pasi, na nilikuwa nimerudi na sukari. Huenda, huenda tu. Kwa hilo "huenda" alikuwa amewapunguzia watoto wake chakula.

Aliniambia binti anaandika vizuri na hana maneno mengi. Ofisi kubwa hazikosi mahali pa mtu mmoja, alisema, hata pa kupika chai. Binti akatoa vyeti. Ilinibidi nitoe mikono. Nilivishika vyeti kwa ncha za vidole, nikageuza kurasa polepole bila kusoma, kama watu walivyokuwa wakigeuza zangu. Jirani alitazama ule ubuluu kwenye kucha zangu. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akatazama pembeni, akanywa chai.

Ningeweza kumwambia ajiunge na foleni, aseme darasa la nane. Ungekuwa ushauri wa kweli, na wa bure, na mama angebaki na gunia la mahindi ya watu na mwana wa kukata nyuzi.

"Nitaona," nilisema. "Aache hivi vyeti hapa."

Mama akamwongezea jirani sukari.