Kioo Juu ya Ufa

Mtanicheka, najua, lakini nitawasimulia hivyo hivyo.

Kazi yangu ni kutunza jumba la kale la makumbusho, huku Msambweni. Ukuta mmoja una ufa, nasi tumebandika kipande chembamba cha kioo juu yake. Kioo kikivunjika, ujue ukuta umesogea.

Juzi asubuhi nilikikuta kimevunjika. Niliwatoa wageni wote nje, nikamtoa na Bi Mwanasha, muuza tikiti, kikombe cha chai mkononi. Kisha nikampigia simu mhandisi wa Ukunda, huku nikisoma kila dua niliyoijua.

Mhandisi aliupima ufa mara mbili. "Haujapanuka hata kidogo," akasema. "Na nusu ya kioo siioni. Nani ameiokota?"

"Hapana aliyegusa kitu," nilimjibu kwa ukali. "Ukuta huo unatuangukia."

Bi Mwanasha, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akautazama msumari ulio juu ya ufa. "Mwanangu, jana si ulitundika mkoba wako hapo?"

Niliudhika. Nikaumimina mkoba mezani mbele yao, wajionee wenyewe. Ikatoka tasbihi, likatoka andazi lililolala, ikatoka na nusu ya kioo.