Mkono Wake Mwenyewe

Jirani wa Hajira hununua sweta chakavu za mitumba, akazifumua na kufuma mpya kwa uzi uleule. Baridi ya Karatu imempinda vidole, lakini havijui kutulia. Hata akiwa bustanini kumwagilia figiri kwa maji aliyooshea vyombo, mkono usio na kopo hucheza hewani, utadhani umeshika sindano. Huongea kidogo na kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Siku ya mnada waliongozana. Hajira akichagua mashuka, mwenzake alizama kwenye rundo la nguo za watoto, na mara vile vidole vikatulia. Alikuwa ameshika sweta ndogo ya kijani, ile aliyomfumia mjukuu wake na kuituma Arusha kwa binti yake, ambaye siku hizi hapokei simu zake. Vifungo vilikuwa bado vimezungushiwa uzi aliovifungia yeye mwenyewe siku ya kuituma. Haikuwahi kuvaliwa.

"Pengine zimefanana tu, mama," Hajira alisema.

"Mkono wangu naujua."

Akaikunja taratibu, akairudisha juu kabisa ya rundo, mahali ambapo mwenye mtoto angeiona.

Jioni Hajira alimkuta bustanini amepiga magoti, anang'oa figiri changa pamoja na magugu.

"Mama, hizo ni mboga."

"Naziona, mwanangu," alijibu, akausogelea mstari uliofuata.