Mgongo wa Mzee Mjapani

Mambo haya yalinipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Ukitaka kucheka utacheka, lakini kwanza nisikilize.

Mwaka wa tisini na nane nilikuwa na studio ya picha Kitengela, kando ya barabara ya Namanga. Nilijivunia sana kurekebisha picha kuukuu kwa brashi na rangi. Picha ikiwa na mahali peupe, mkono wangu haukutulia hadi nipazibe.

Adhuhuri moja akaingia mzee Mjapani. Nilidhani ni wa wale wanaojenga barabara. Alileta picha ya zamani sana, iliyopakwa rangi kwa mkono. Mwanamume wa pichani alikuwa ameipa kamera mgongo, na mgongo wote umechorwa tatuu: joka, mawimbi na maua. Chini ya bega tu ndipo palibaki ngozi tupu, upana wa kiganja. Alitaka nakala moja.

"Fundi," akaniambia, "hapo hakuna kitu, usiguse."

Je, sikusikia? Nilisikia vizuri. Lakini nilipokuwa naipaka nakala rangi, pengo lile likanikera. Nikachora hapo ua la buluu.

Alirudi Jumamosi. Aliitazama nakala kwa muda mrefu, kisha akavua shati na kunigeuzia mgongo. Niamini, ulikuwa mgongo ule ule wa pichani. Na chini ya bega lilikuwepo ua langu, rangi bado mbichi.

"Aliyenichora aliacha hapo makusudi," akasema. "Aliniambia nitaishi hadi mgongo ujae. Nimezika hata wajukuu, fundi. Sasa umenifungulia. Lakini huu mchoro lazima ukae kwa mtu."

Akanigusa begani, akatoka. Nilipofika mlangoni niliona shati lake chini, yeye hayupo.

Mwezi uliofuata mke wangu alikuwa akinisugua mgongo. "Baba Nafula, umepakwa nini huku nyuma?" Ulikuwa mstari wa buluu. Haukutoka kwa sabuni, wala kwa mafuta ya taa, wala kwa maombi. Mstari ukawa wimbi, baada ya miaka likaja joka. Studio niliifunga. Ninaogopa, sitakudanganya.

Mwenye kitu chake akikwambia usiguse, usiguse, hata kama mkono unakuwasha.

Kila asubuhi namwuliza mke wangu kama nafasi imebaki. Anasema imebaki, tena kubwa. Siku hizi ananijibu kabla sijavua shati.